Jiwe Langu la Kuogea na Watu wa Chuo

Kabla sijafika kwa watu wa chuo na mto wetu, itabidi nimwondoe kinyozi. Hahusiki na mto hata kidogo, lakini kila nikitaka kuanza na watu wa chuo naona kinyozi amekaa mbele na hataki kupisha. Basi tuanze naye, akitoka tutaendelea.

Nilikuwa kijana, ndevu zenyewe za kutafuta kwa vidole. Kesho yake nilitakiwa kwenda kwa wazazi wa msichana niliyempenda, wanione. Kuonwa ni kazi nzito. Mtu anakagua meno yako na kucha zako, na namna unavyokalia kigoda. Nikaona nisipeleke kichwa chenye nywele kama kichaka, nikapanda kutoka kwetu Lufingo kwa miguu mpaka sokoni Tukuyu.

Upande wa wauza magimbi palikuwa na kinyozi mwenye kiti kibovu, mkasi, na kioo kilichopasuka kikawa kinakuonyesha una pua mbili. Akanikalisha, akanifunga kitambaa shingoni, akaanza upande wa kulia. Alikuwa fundi, sikatai. Upande wa kulia nilitoka kama karani. Alipofika katikati, hapa juu kabisa, mvua ikaanza. Mvua ya Tukuyu haina salamu, inakuja tu na kukaa kama mgeni aliyeleta na begi. Kinyozi akatazama juu, akaniambia, "Ngoja hapo hapo, nakuja." Akanitoa kwenye kiti, akachukua kiti, mkasi, kioo, hata kitambaa cha shingoni, akapita katikati ya vitunguu. Nikangoja. Mvua ikaisha, ikaja nyingine. Kinyozi hakurudi. Mpaka leo nikienda sokoni huwa natupia jicho upande ule, na nywele zenyewe zilishaondoka bila kukatwa.

Nikashuka kurudi nyumbani na nusu kichwa. Pale Bagamoyo, mtaa wa hapo hapo Tukuyu, si ule mji wa pwani, palikuwa na mwenye duka mmoja, Mwislamu mcheshi, muuza vitambaa na mafuta ya taa. Aliniona nikitokea upande wa kulia, akasema, "Karibu, kijana." Nikageuka. Akaona upande wa kushoto, akasema, "Na mwenzako naye karibu."

Nilipofika karibu na kwetu, vipande vya nywele na mvua vilikuwa vimenishika shingoni, vinawasha kama upupu. Sikutaka mama anione. Nikaingia kijito kinachopita chini ya migomba yetu, nikatafuta pa kukaa, nikakuta jiwe. Jeusi, kubwa, katikati lina kibonde kidogo. Nikakaa. Jamani, wale mnaonunua makochi mjini, mnapoteza muda. Kile kibonde kilinipokea kama kilikuwa kinanisubiri mimi. Maji yanapita kushoto na kulia, miguu imezama mpaka kwenye miundi, mgongo umeegemea ukingo wenye majani. Nikaoga pale kwa sabuni ya mche, nikatoka mtu mpya. Nusu mpya, basi.

Ukweni nilikwenda na kofia. Baba wa msichana akaniambia ndani hawakai na kofia. Nikaivua. Mzee akanitazama kwa muda mrefu, akamgeukia mkewe, akauliza, "Huyu anakuja au anaondoka?" Nyuma ya mlango msichana akacheka mpaka akaangusha kitu cha udongo, nikasikia kikipasuka. Ndiye mke wangu huyu mpaka leo. Yeye husema alikubali nusu, ile nusu nyingine bado anaisubiri.

Haya, kinyozi ametoka. Lakini jiwe limebaki, na hapo ndipo penyewe.

Tangu siku ile nikawa naoga kwenye lile jiwe kila jioni jua likiwapo, na hata lisipokuwapo, maana kwetu ukisubiri jua utanuka. Nimelea watoto, nimechuma chai, nimefuga, nimeng'oa kahawa na kupanda parachichi kama wenzangu, na kila siku imeishia pale. Watu wakinitafuta walijua. Walikuja wakasimama juu ya ukingo, wakanigeuzia mgongo kwa heshima, tukaongea mambo ya shamba na mambo ya msiba huku najisugua visigino kwa jiwe jepesi lile la volkano lenye matundu. Nimepatanisha ndugu waliogombana nikiwa pale, nimejaa povu. Hakuna mtu anayebishana sana na mzee aliyejaa povu.

Sasa watu wa chuo.

Wapimaji tumewaona wengi hapa. Walikuwa wanakuja na gari, wanavaa glovu, wanachota maji yetu kwenye vichupa, wanaviweka kwenye sanduku la barafu kama chanjo, wanaaga. Hatukuambiwa kitu. Tulikuwa tunabaki tunaulizana: yale maji yetu yamefaulu au yamefeli? Mpaka leo sijui. Huenda yako darasani mpaka sasa.

Hawa walikuwa tofauti kidogo, na tofauti yenyewe ilianzia kwenye tope. Gari lao lilizama pale kwenye kona ya chini ya shule. Mwalimu wao, mama mmoja wa makamo, mwenye mabuti ya mvua na sauti ya kuita watu shambani, alishuka akasukuma pamoja na sisi. Gari likatoka, yeye akabaki amelala kifudifudi kwenye tope. Akainuka, akasema, "Mugonile, wazee." Kinyakyusa cha kujifunza njiani, lakini mtu akikusalimia kwa lugha yako huku tope limemjaa puani, utafanyaje? Tukamkubali.

Akaita mkutano kwenye ukumbi wa kanisa. Alisema hawakuja kuchota na kuondoka. Wanataka kuujua mto huu pamoja na sisi, kuanzia kwenye chemchemi kule juu mpaka daraja la magogo. Wanataka mwenyeji mmoja afundishwe na abaki na vifaa wenyewe wakirudi chuoni. Na kila watakaporudi, majibu yatasomwa hapa ukumbini kwanza, ndipo yaende kwa wakubwa. Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi, nje.

Nje kwa nini? Ngoja nieleze, maana wageni hapo ndipo wanapotukosea.

Kwetu mimi na mkamwana wangu, yaani mke wa mwanangu, hatuonani. Si ugomvi. Ni heshima. Nikitokea njiani yeye anaingia kwenye migomba; akiwahi yeye, naingia mimi. Hatukai chumba kimoja, hatuangaliani usoni. Wengi wameacha, mjini huko wanakula meza moja na kupeana chumvi. Nyumbani kwangu tumeendelea nayo, kwa sababu tumezoea, na kwa sababu sijawahi kugombana na mkamwana wangu hata siku moja. Mke wangu husema desturi hiyo ilitakiwa iwe ya mimi na yeye.

Basi siku ya mkutano mkamwana alikuwa amekaa mbele. Mimi nikakaa nje, juu ya gogo chini ya dirisha, mgongo ukutani. Nasikia kila kitu, ila ninachokiona ni mparachichi na mbuzi wa mchungaji. Nikasikia wanamchagua mkamwana awe mpimaji wa mto. Alimaliza kidato cha nne, ana mkono mtulivu, na bustani yake ya magimbi iko pale pale kijitoni. Nilifurahi nikamwambia hata mbuzi.

Halafu ikaja kura. Mwalimu alikuwa ametundika mchoro mkubwa wa kijito ukutani. Akasema, "Kutoka alama hii mpaka alama hii, tukubaliane: hakuna sabuni, hakuna kufua, hakuna kuoga, hakuna kunywesha ng'ombe. Anayekubali anyooshe mkono." Mimi sikuiona alama. Nilijua anasema kule juu kwenye chemchemi, ambako hata mimi nakasirika nikiona mtu anafua. Nikapitisha mkono dirishani, nikaunyoosha mpaka kwapa likauma. Ukumbi mzima ukacheka. Nikadhani wanauchekea mkono kuwa peke yake. Mwenyekiti akasema, "Hata mkono wa mzee umekubali! Basi imepita."

Jioni nachukua taulo, mke wangu akanisimamia mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kuoga."

"Wapi?"

"Mama, umeumwa? Kwenye jiwe."

"Jiwe umelipigia kura leo. Liko katikati ya mchoro, wameliwekea duara jekundu. Umejifukuza mwenyewe, na mkono ulikuwa wa kwanza."

Nikafikiri. Nikamwambia, "Mkono ndio uliokubali. Mimi nilikuwa nje."

Nikaenda kuoga.

Sasa vile vifaa. Kwanza ni wavu wenye mpini mrefu, na mabeseni meupe, na vijiko, na kioo cha kukuzia. Kazi yenyewe ukiiona utacheka. Mtu mmoja anasimama majini na wavu, mwingine anasimama mbele yake anazungusha visigino chini kwenye kokoto, tope na majani yanatimka, yanaingia kwenye wavu. Mara ya kwanza nilipowaona kwa mbali nikajua wanafunzi wanacheza ngoma yao. Nikapiga makofi ya kuwafuatisha. Baadaye wanamwaga kwenye beseni jeupe na kuanza kutafuta wadudu. Ndiyo, wadudu! Kumbe wadudu ndio wanaosema maji yana hali gani. Yuko mmoja mdogo mwenye mikia mitatu nyuma kama uma wa chakula. Huyo ana maringo, maji yakiharibika kidogo tu anahama. Wako funza wekundu, hao hawana shida, hata kwenye uchafu wanastarehe. Ukihesabu nani yupo na nani kahama, umejua.

Mkamwana akapewa vituo vya kupima, na cha tatu kilikuwa jiwe langu.

Tuliendeshaje? Kwa makelele. Akikaribia alikuwa anagonga beseni kwa kijiko, ngo ngo ngo, ili nijue. Mimi nikisikia nachukua taulo naingia kwenye magimbi. Yeye akifika, akaona maji bado meupe kwa povu na sabuni iko juu ya jiwe, anajua baba yumo humo kwenye majani, anaruka kituo cha tatu anakwenda cha nne. Ilikuwa inakwenda vizuri kabisa. Kila mtu ameheshimiwa.

Shida ni kwamba majibu yakifika kwa mwalimu, kituo cha tatu ni kitupu. Wiki hii kitupu. Ijayo kitupu. Yule mama wa chuo akamuuliza kwa nini, mkamwana akaangalia chini. Mwalimu akadhani amezembea. Hivi angesemaje? Kumtaja baba mkwe kwamba yumo mtoni uchi na povu? Heri azembee.

Basi wakaja wenyewe, mwalimu na wanafunzi wake, jioni, na mkamwana mbele. Akagonga beseni. Lakini siku hiyo nilikuwa nimejipaka sabuni usoni, naimba, maji yanaunguruma kwa mvua ya mchana. Niliposikia walikuwa wameshafika kwenye mikuyu ya ukingoni, hatua chache na jiwe. Taulo sikuiona ilipo. Nikajitupa kwenye magimbi kama nilivyo.

Mnaolima magimbi mnajua. Jani likivunjika maji yake yanawasha. Sasa fikirieni mtu ambaye hajavaa kitu, ameyavunja mengi, na sabuni imeingia machoni. Nikaanza kujikuna polepole. Kisha si polepole.

Kijana mmoja wa chuo, wa kutoka Dar es Salaam, ana viatu vyeupe mpaka majini, akasema, "Madam, kuna mnyama hapo."

"Mnyama gani?"

"Sijui, lakini ana mwili mkubwa na anajikuna."

Wakaanza kurudi nyuma. Mmoja akaokota kijiti. Hapo mkamwana wangu, Mungu ambariki, akageuka akautazama mkuyu, akasema kwa sauti, "Si mnyama. Ni baba."

"Baba nani?" mwalimu akauliza. "Mbona simwoni?"

"Baba mkwe. Hatakiwi kuonekana."

Kisha mwalimu akaelewa, nadhani kidogo kidogo, maana nilimsikia anasema, "Kumbe wiki zote hizi..." halafu akapaza sauti kama anaamrisha paredi: "Wote, geukeni!" Chuo kizima kikageuka. Wamesimama majini na nyavu zao, wameitazama Tukuyu, mimi nikatoka kwenye magimbi nikaipata taulo. Katika maisha yangu sijapewa heshima kubwa namna ile.

Nikajifunga, nikakaa kwenye jiwe langu, nikakohoa. Mwalimu akageuka, akanisalimu, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Masomo yanaendeleaje?"

Mkamwana alibaki nyuma ya mkuyu. Ikabidi yule kijana wa viatu vyeupe asimame katikati yetu, maana mkamwana haongei nami moja kwa moja.

"Mwambieni baba samahani kwa usumbufu," akasema mkamwana.

"Mzee, anasema samahani kwa usumbufu."

"Nimesikia, mjukuu wangu, si kiziwi. Mwambie hakuna usumbufu. Nilikuwa naangalia magimbi."

"Dada, anasema alikuwa anaangalia magimbi."

"Mwambieni baba asante kwa kuyaangalia. Ila ameyalalia."

Kijana akanitazama. "Mzee, hilo nalo niseme?"

"Lishafika," nikamwambia.

Wakapima palepale. Wakachota juu ya jiwe, wakachota chini ya jiwe, wakaweka mabeseni mawili mbele yangu kama mtu anayekwambia uchague mchuzi. La juu lilikuwa na vurugu ya maisha, wale wa mikia mitatu wanakimbia huku na huku, na kaa mdogo amekasirika kwenye kona. La chini lilikuwa na funza wekundu wanajikunja, basi.

Mwalimu akachuchumaa. Hakunisomesha. Aliniuliza, "Mzee, wewe unaona nini?"

Nikayatazama mabeseni. Nikasema, "Hawa wekundu wamenona zaidi."

Akacheka mpaka akashika maji. Lakini hakuniacha. Akaniambia sabuni ikishuka inawafukuza wale wenye maringo, na samaki wadogo na kaa wanaowala nao wanaondoka, na watu wa chini wanaochota ndoo darajani wanachota na povu langu. Mimi nikatoa hoja zangu. Nikasema mdudu akioshwa anakuwa safi. Nikasema maji yanayotembea yanajisafisha yenyewe. Nikasema mto huu mrefu, unakwenda mpaka ziwani, mzee mmoja ni kitu gani? Kijana wa viatu vyeupe akasema, "Mzee wangu, kila kijito kina mzee wake." Hiyo ilinichoma kidogo, nakiri.

Mwalimu naye alimwendea mkamwana nyuma ya mkuyu, nikamsikia anamwomba radhi. Alisema walikuja na vifaa vyote, lakini hawakuuliza nani na nani hawaonani hapa kijijini, na kosa ni la chuo, si lake. Ninawaambia, mtu wa chuo kuomba radhi nyuma ya mti si jambo la kila siku.

Wakajenga na bafu. Wanafunzi walichimba pamoja na vijana wetu, wakazungushia mabanzi pale juu mbali na maji, na mferejini wakapanda migomba inywe maji ya sabuni. Kila siku nilipita nalitazama. Zuri. Lakini ndani unakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikajaribu. Ndoo ina kingo, inakuandika matakoni. Nikawaambia wanisogezee jiwe. Vijana wakashuka wakalisukuma, wakaimba, wakalisukuma tena, halikutikisika. Nikajaribu kuoga kwenye jiwe bila sabuni. Mke wangu akasema, "Hapo huogi, unalowa tu." Nikarudia sabuni, kidogo kidogo, halafu kama kawaida. Nilijiambia mkamwana atapima asubuhi na mimi nitaoga jioni, na wadudu watajua wenyewe namna ya kupishana.

Ndipo siku moja, karibu na wakati wa watu wa chuo kurudi kusoma majibu, nikaona ule wavu umeegemezwa nje ya jiko letu. Umeoshwa, umekaushwa. Mabeseni yamepangwa chini yake, na kioo cha kukuzia kimefungwa kwenye kitambaa.

"Hivi vimefikaje hapa?" nikamuuliza mke wangu.

"Mkamwana ameviacha. Mwalimu akija umpe, achaguliwe mwingine."

"Kwa nini? Amechoka?"

Mke wangu akaweka chini sufuria ya ndizi, akanitazama kama alivyonitazama baba yake siku ile ya kofia.

"Amechoka nini? Anapenda ile kazi kuliko chakula. Mjukuu wako mdogo anajua majina ya wadudu kabla ya majina ya shangazi zake. Lakini akisimama ukumbini atasoma kituo cha kwanza hai, cha pili hai, cha tatu kimekufa, cha nne kimekufa. Watu watauliza, cha tatu kimeuawa na nani? Atawajibu nini huyo mtoto? Akutaje wewe mbele ya kanisa zima? Au aseme uongo, na watu wa chuo walimwamini? Ameona heri awape vyao."

Sikula ndizi vizuri siku hiyo. Na zilikuwa na maziwa.

Watu wananiuliza, wewe mzee, chuo kikuu kina kazi gani kwenye vijito vya vijijini? Sikusoma, niliacha shule nikiwa bado sijui kama ile herufi ya mwisho inaangalia huku au kule. Lakini ningewaambia kazi ni ule wavu kubaki nyumbani kwetu. Wakiondoka na wavu, wameondoka na mto. Wavu ukibaki mikononi mwa mtu anayeamka hapa, anayejua mvua ya jana ilikuwa ya namna gani, mto unakuwa na mtu wake. Na sasa wavu ule ulikuwa unangoja gari, kwa sababu ya kibonde cha jiwe.

Asubuhi nikapita njia ya nyumba ya mwanangu. Mkamwana alikuwa nyuma ya ua anakata majani ya ng'ombe, nilisikia panga. Nikasimama upande wangu wa ua, nikamwambia ng'ombe, "Wewe ng'ombe, waambie wa humu ndani, ule wavu umesahauliwa jikoni kwetu. Wakauchukue. Jioni waje wapime kituo cha tatu."

Panga likanyamaza. Ng'ombe akaendelea kutafuna, hana habari.

Kisha nikasikia, kwa sauti ndogo, "Ng'ombe, mwambie baba, na sabuni je?"

"Ng'ombe," nikasema, "mwambie sabuni ina bafu lake."

"Ng'ombe, mwambie baba, ndaga fijo, asante sana."

Ng'ombe akanya. Tukaona mazungumzo yameisha.

Jioni nikashuka na taulo na sabuni kama kawaida, maana miguu ilikuwa haijaambiwa. Nikakaa. Sikuoga. Nikapitisha mkono chini ya jiwe, pale ubavuni ambapo sijawahi kupitisha mkono, nikageuza kokoto moja bapa. Kaa akatoka. Jike, mkali, amenyoosha koleo zake ananitishia. Nikamshika mgongoni nikamgeuza. Tumboni, chini ya ule mkia aliojikunjia, amebeba watoto wamejaa, wadogo kama punje za ulezi, kila mmoja na vikoleo vyake. Jamani. Miaka yote, chini yangu, palikuwa na nyumba ya watu. Nikamrudisha taratibu, nikamfunika na kokoto yake.

Nikasikia beseni. Ngo ngo ngo, kule kwenye mikuyu.

Magimbi yalikuwa pale pale, yameshainuka. Sikuyaingia. Nikachukua sabuni nikaitia mfukoni, nikachukua taulo na lile jiwe jepesi la kusugulia visigino. Nikapiga kibonde kofi moja, kama unavyompiga ng'ombe unapomuuza. Mkamwana akageuka akautazama mkuyu. Mimi nikautazama mlima. Nikapanda ukingo, nikapita kwenye migomba, na pale sijarudi.